Mwongozo kamili wa kununua mashine za zamani mashambani: namna ya kumwendea mwenyewe, kuanzia Ismani hadi Rungwe

Trekta la kwanza nililolitamani nililikosa kwa sababu ya neno moja. Ilikuwa Ismani, mwezi wa saba, upepo unatimua vumbi, na Ferguson la kijivu limeegeshwa chini ya mti nyuma ya ghala, kuku wametaga kwenye kiti chake. Nikamwamkia mzee, nikakaribishwa kigoda, na kabla hata maji ya kunywa hayajaletwa nikauliza: "Mzee, lile chuma lako pale nyuma unauza?"

Akanitazama kwa muda. "Lile si chuma," akasema. Hakuongeza neno, nami nikaaga.

Kijana aliyenipeleka alinieleza tukiwa njiani kurudi. Wanunuzi wa skrepa hupita kijijini pale na mizani yao, na wote huanza kwa neno hilohilo. Mzee alilinunua trekta lile kwa mahindi ya misimu mitatu. Bila kujua, nilikuwa nimemwambia kwamba kazi ya ujana wake inahesabiwa kwa kilo.

Ugumu wote wa shughuli hii uko hapo. Unamwendea mtu ambaye hajatangaza kuuza, unataka kitu ambacho hakukiweka sokoni, na mara nyingi kitu chenyewe ni kumbukumbu ya baba, ya mume, au ya zama ambazo shamba lilikuwa shamba kweli. Nimekuwa nikizunguka Nyanda za Juu Kusini kutafuta matrekta, injini, plau, mizani na mashine za kahawa kwa ajili ya kuzihifadhi na kuzifufua, na haya ninayoyaandika ndiyo ninayoyafuata sasa.

Jua unachotafuta na mahali kilipo

Usiende kijijini kuuliza "vitu vya zamani". Utaonyeshwa sufuria zilizotoboka na redio zisizo na matumbo. Kila eneo lina historia yake ya kilimo, na mashine zilifuata zao.

Upande wa Ismani na maeneo ya mahindi ya Iringa utakuta matrekta, plau za diski na trela, kwa sababu huko walikuwapo wakulima Waafrika waliomiliki matrekta yao wenyewe katika miaka ya 1950 na 1960. Mufindi ni chai, na mashine za kukaushia chai za Sirocco zilizotengenezwa na Davidson wa Belfast zilienea kwenye viwanda vya chai duniani kote. Hizo ni mali za makampuni, usizitafute kwa mtu binafsi. Njombe kuna historia ya pareto na miwati; kampuni ya miwati, TANWAT, ilianzishwa mwaka 1949. Mbozi ni kahawa, na huko ndiko kwenye mashine za kumenya kahawa mbivu za kuzungusha kwa mkono. Ukifuta vumbi kwenye kibao chake taratibu unaweza kukuta jina la William McKinnon wa Aberdeen au John Gordon wa London. Usangu tafuta plau za ng'ombe. Rungwe, kwenye migomba na kahawa, mimi hutafuta injini ndogo.

Jifunze kusoma umri wa kitu kabla hujakutana na mwenyewe, ili usimdanganye wala wewe usidanganyike. Ferguson la kijivu, TE20, lilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, na yalitoka zaidi ya 500,000. Maana yake ni kwamba si adimu duniani hata kama kijiji kizima kina moja tu. Kibao chake kipo kwenye dashibodi, na herufi zinasema mafuta yake: TEA ni petroli, TEF ni dizeli, TED ni yale ya mafuta mazito ya taa. Kampuni za Massey-Harris na Ferguson ziliungana mwaka 1953, na jina Massey Ferguson likaanza kutumika 1958. Kwa hiyo plau yenye jina la Massey-Harris peke yake huenda ni ya kabla ya hapo. Fordson liliacha kuitwa Fordson mwaka 1964, likabaki Ford. Kifaa chenye maandishi ya Ujerumani Magharibi hakiwezi kuwa cha kabla ya 1949. Ukiona herufi D.R.P. hiyo ni hataza ya Ujerumani ya zamani, kabla ya 1945. Mizani yenye ratili badala ya kilo, na taji la mfalme au malkia wa Uingereza limegongwa juu yake, imetumika enzi za mkoloni. GR ni Mfalme George, ER ni Malkia Elizabeth, yaani kuanzia 1952.

Kwenye injini kuna mtego mmoja mkubwa. Lister ya dizeli ya aina ya CS, ile yenye silinda moja na nguvu farasi 6 kwa mizunguko 650 kwa dakika, ilitengenezwa Dursley, Uingereza, na ndiyo iliyokuwa ikiendesha mashine za kusaga sehemu nyingi. Lakini India, hasa mji wa Rajkot, wametengeneza nakala zake kwa miaka mingi, na nakala hizo zimejaa Afrika Mashariki. Ni injini nzuri za kazi. Ila si za Dursley, na bei yake kwa mkusanyaji si hiyo. Soma kibao, na kama kibao kimeng'olewa, angalia maandishi yaliyosubiwa kwenye chuma chenyewe.

Vitu vya kuacha, hata ukipewa bure

Kipande chochote cha reli, nati au bolti ya reli, acha. TAZARA inapita Makambako na Mbeya, na mtu akikuuzia kipande chake amekuuzia kesi. Vivyo hivyo transfoma, nyaya za umeme, alama za barabarani, na mabomba ya mradi wa maji.

Mali ya ushirika haina mtu mmoja wa kuiuza. Vyama vya ushirika vilivunjwa 1976 na kurudishwa 1982, na katikati ya hapo mizani, injini na mashine za kahawa zikabaki kwenye maghala na majumba ya watu walioambiwa wazitunze. Mtunzaji anaweza kuamini kwa dhati kwamba ni zake. Uliza ilifikaje hapo. Kama jibu ni "ilikuwa ya chama", nenda kwa viongozi wa AMCOS, yaani chama cha ushirika wa mazao cha pale, na uuzaji upitie mkutano wa wanachama kwa maandishi. Mali za mashamba ya serikali na mali za halmashauri huuzwa kwa mnada au zabuni tu. Vya misheni huamuliwa na uongozi wa dayosisi au jimbo. Mlinzi wa karakana hana mamlaka hayo, hata kama funguo anazo yeye.

Na usiguse vitu vya asili vya kale: majembe yaliyofuliwa na wahunzi wa zamani, mikuki, viti vya machifu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Ukikutana na kitu cha namna hiyo mwambie mwenyewe asikiuze kwa mpita njia, na umwelekeze makumbusho ya Boma pale Iringa mjini wakamshauri.

Kupata habari kabla ya kupata mashine

Mtu wa kwanza kumtafuta ni fundi mzee. Kila mji una fundi aliyekuwa akifunga injini za kusagia au kutengeneza matrekta miaka ya 1970 na 1980. Huyo anakumbuka kila mashine iliyopita mikononi mwake: ilikuwa ya nani, ilikufa kwa ugonjwa gani, na watoto wa mwenyewe wako wapi. Mpe muda, mnunulie chai, na ukifanikiwa kununua kwa neno lake, mkumbuke kwa fedha bila kusubiri akudai.

Mtu wa pili ni mwenyekiti wa kitongoji. Ukipita kwake kwanza, hakuna atakayekushangaa ukizungukazunguka nyuma ya maghala ya watu. Siku za mnada na gulio pia ni nzuri kwa kusikiliza.

Dalali mimi humkwepa mwanzoni. Si kwamba madalali wote ni wabaya, bali dalali hufika kabla yako na kumwambia mwenyewe bei aliyoiota, na kukuambia wewe bei nyingine. Siku ukweli ukitoka, wote wawili mnaonekana waongo.

Siku ya kwanza: usinunue

Siku ya kwanza ni ya kujuana. Hii ndiyo hatua inayofanya au kuvunja mambo yote, na ndiyo ambayo watu wa mjini huiruka kwa haraka zao.

Chagua msimu. Mahindi huvunwa kati ya Juni na Agosti. Baada ya hapo watu wana nafasi, barabara zimekauka, na nyasi zimelala kiasi kwamba mashine inaonekana. Kati ya Januari na Aprili utakwama njiani, na mwenye shamba yuko kwenye palizi. Kuna jambo jingine kuhusu Januari: ni mwezi wa ada. Mtu anaweza kukuuzia kitu ambacho mwezi wa tisa asingekuuzia. Mimi siendi Januari. Nikipigiwa simu mwezi huo na mtu ninayemjua, kwamba ana shida na anataka kuuza, ninampa bei ileile ninayompa Septemba.

Nenda na mtu anayefahamika pale nyumbani. Usifike na kirikuu yenye mnyororo na chenibloki mgongoni. Gari la namna hiyo limeshasema kabla yako. Fika kwa bodaboda au kwa miguu. Chukua sukari na sabuni, kama mgeni yeyote. Piga hodi uani, hata kama mashine inaonekana toka barabarani. Usiisogelee, usiipige picha, usiigonge kwa kiatu kusikia kama imeoza.

Amkia kwa shikamoo. Ukiwa Iringa au Njombe, "kamwene" hufungua uso wa mtu papo hapo. Rungwe, ukijua kusema "ndaga" pale unapopewa kitu, umeonyesha kwamba hukuja kupita tu. Ila usijifanye mwenyeji. Sema unakotoka, wewe ni mtoto wa nani, unafanya kazi gani. Kisha subiri. Mwenye nyumba atauliza mwenyewe: "Haya, habari za safari? Tuwasaidie nini?"

Hapo mimi husema hivi, na maneno haya nimeyapanga kwa miaka:

"Baba, nimeelekezwa na fundi fulani. Ameniambia hapa kwako ipo injini iliyokuwa ikifanya kazi zamani. Mimi ni mtu ninayezihifadhi mashine za namna hiyo. Nimekuja kukuomba, ukiridhia, uniruhusu niione, na unisimulie ilivyokuwa."

Angalia kilichomo na kisichokuwamo. Nimemtaja aliyenielekeza, kwa hiyo anaweza kuulizia habari zangu. Nimesema kwa nini nimekuja, sikujifanya napita. Nimeomba kuona na kusikia. Neno "kuuza" halimo, neno "chuma" halimo, neno "bovu" halimo. Wengine hujaribu kuifanya mashine ionekane takataka ili bei ishuke. Mbali na kwamba ni uongo, mwenyewe anaijua kuliko wewe, na umemtukana nyumbani kwake.

Kisha sikiliza. Uliza ilinunuliwa mwaka gani, ilitoka wapi, nani aliiendesha, ilikufaje. Andika daftarini ukiomba ruhusa kwanza: "Baba, naweza kuandika ili nisisahau?" Masimulizi haya yana thamani sawa na mashine. Ferguson moja kati ya nusu milioni si habari. Ferguson lililolima shamba la kwanza la ukoo fulani, lenye jina la dereva wake limekwaruzwa kwenye mdigadi, halina jingine kama hilo.

Kwa Ismani niseme zaidi. Tarehe 25 Desemba 1971, wakati wa msukumo wa vijiji vya ujamaa, mkuu wa mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa huko na mkulima Said Mwamwindi. Wapo wazee waliokuwa vijana siku zile, na familia ambazo matrekta yao yaliingizwa kwenye mabishano ya nani bepari na nani si bepari. Ukiuliza "mlilipataje trekta enzi zile?" kwa sauti ya mpelelezi, umegusa kidonda. Uliza kazi yake: lililima wapi, ekari ngapi kwa siku. Mengine, mzee akitaka atakuambia mwenyewe.

Ukikaribishwa ulanzi, pokea au kataa kwa upole, lakini bei usiizungumze kwenye ulanzi. Makubaliano ya kilabuni huamka asubuhi na wapinzani.

Mwisho wa siku, wakati wa kuaga, ndipo unapoweka neno lako moja: "Baba, siku moja ukifikiri kwamba imekaa vya kutosha, na ukapenda ipate mtu wa kuitunza, naomba unikumbuke mimi kwanza." Acha namba ya simu kwenye karatasi, kwa mzee na kwa mtoto wake mmoja. Kisha ondoka kweli.

Nani hasa mwenye mali?

Hapa ndipo fedha za watu hupotelea na undugu huvunjika. Mashine nyingi nzuri zilikuwa za mtu ambaye sasa ni marehemu. Anayekupokea ni mtoto aliyebaki kijijini, na anaweza kuwa mkweli kabisa anaposema "ni yetu". Neno "yetu" ndilo la kuchunguza.

Uliza kwa upole: mzee alifariki lini, mirathi ilifunguliwa, msimamizi ni nani? Msimamizi wa mirathi huteuliwa na mahakama, kwa familia nyingi za vijijini Mahakama ya Mwanzo, na ana barua ya uteuzi. Kama barua ipo, unauziana na yeye. Kama mirathi haikufunguliwa, usitoe hata shilingi ya "kishika uchumba". Waambie uko tayari kungoja, na kama kikwazo ni nauli ya kwenda mahakamani, unaweza kuisaidia bila kuifanya kuwa malipo ya awali.

Nilijifunza hili kwa machungu. Upande wa Mbozi nilinunua mashine ya kumenya kahawa kwa kaka mkubwa, mkataba upo, mashahidi wapo. Baada ya wiki mbili dada yao akanipigia akilia. Wakati wa likizo yeye na mama yao ndio waliokuwa wakiizungusha, usiku kwa taa ya chemli, na hakuna aliyemwambia kwamba inauzwa. Kisheria labda ningeshinda. Niliirudisha, kwa gharama yangu, na kaka mtu alikuwa ameshatumia nusu ya fedha, akanilipa kidogokidogo hadi mwaka uliofuata.

Tangu hapo ninaomba kikao. Wawepo watoto wote wanaopatikana, walio mbali waongee kwa simu ikiwa imewekwa sauti kubwa, na muhtasari uandikwe na kusainiwa. Mjane awepo, na aseme kwa kinywa chake. Mwenye mali akiwa hai pia, mkewe akae kwenye mazungumzo ya bei, kwa kuwa jasho lake limo humo. Mara nyingi mama ndiye anayekumbuka vipuri viliwekwa wapi.

Kuikagua

Ukipewa ruhusa ya kuigusa, anza na nyuki. Sifanyi mzaha: boneti la trekta lililokaa miaka kumi ni mzinga mzuri, na chini ya injini ni mahali pa nyoka. Gonga kwa fimbo, ngoja, ndipo uiname.

Nikupe mfano wa injini moja niliyoikuta Rungwe, Lister D, nyuma ya jiko, chini ya migomba. Ni injini ndogo ya petroli, nguvu farasi moja na nusu kwa mizunguko 700; haiwezi kusaga mahindi, ilikuwa ya kuvuta maji au kuzungusha mashine ya kahawa. Majani makavu ya mgomba yamejaa kati ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini, na ukuta. Nikayatoa moja moja kwa mkono. Chini yake rangi ya kijani ilikuwa bado inang'aa kama ya jana, kwa sababu majani yale yalikuwa yameilinda na mvua. Kibao cha shaba kipo, namba inasomeka. Magneto, kile kifaa cha kutoa cheche, ipo. Kabureta imefungwa kwa mfuko wa nailoni na mpira wa baiskeli. Mtu aliyeiacha alikusudia kurudi.

Vitu vya kutazama ni hivyohivyo kwa kila mashine: kibao na namba yake, sehemu ndogo zinazong'olewa kwanza (magneto, kabureta, geji, usukani, vifuniko), nyufa kwenye bloku, na kama inazunguka. Ikiwa imekamata, usiilazimishe kwa bomba refu la spana. Mimina dizeli kidogo ndani ya silinda, iache siku kadhaa, jaribu taratibu. Hiyo ni kazi ya baada ya kununua. Mbele ya mwenyewe usivunje kitu.

Mabomba ya zamani ya kunyunyizia dawa, yale ya shaba ya kubeba mgongoni, yashike kwa glovu na usiyanuse. Dawa za miaka hiyo hazikuwa za mchezo. Mapipa ya majosho ya mifugo yaache kabisa. Breki na gasketi za zamani zinaweza kuwa na asbesto, usizipulize vumbi lake.

Na usisugue. Mwombe na mwenyewe asisugue wala kupaka rangi kwa nia ya kuipendezesha. Rangi ya kiwandani iliyochakaa ina thamani kuliko rangi mpya ya duka la vifaa.

Bei

Nina msimamo mmoja: mwenyewe lazima ajue ninachojua. Kama najua kwamba kitu ni adimu, namwambia. Nimelipa zaidi mara kadhaa kwa sababu hiyo, na ndiyo sababu naitwa nirudi kwenye vijiji ambavyo wengine hawakaribishwi.

Anza na bei ya skrepa, kwa sababu hiyo ndiyo sakafu. Asubuhi unapotoka mjini pita kwenye yadi uulize kilo leo ni kiasi gani. Ferguson TE20 lina takriban kilo 1,100. Tuseme, kwa mfano tu, kilo ni shilingi 900. Basi mwenye skrepa angempa hadi shilingi 990,000, akitoa usafiri itapungua. Mwonyeshe mwenyewe hesabu hiyo kwenye karatasi. Mweleze kwamba wewe hununui uzito, kwa hiyo bei yako lazima iwe juu ya hiyo. Kisha ongeza kwa ukamilifu: kibao kipo, haidroliki ipo, inazunguka, ina hati ya kununuliwa, ina picha ya zamani. Punguza kwa kinachokosekana, ukikitaja kimoja kimoja. Ongeza gharama zako za kuitoa shambani upande wako wa hesabu, si kwa kumkata yeye kimyakimya.

Kama ametaja bei ya ndoto kwa sababu ameona trekta la Ulaya limeuzwa kwa mamilioni kwenye simu, usimcheke. Mwambie lile lilikuwa limefufuliwa lote, na gharama ya kulifufua ilikuwa kubwa kuliko bei ya kulinunua. Mpe nafasi ya kuuliza kwingine. Na kama ametaja bei ya chini mno, mpandishe wewe. Mjane mmoja wa Kilolo alinitajia bei ya mizani ya Avery iliyokuwa ndogo kuliko nauli yangu. Nilimwambia, "Mama, hiyo haifai, tuanze upya."

Usiweke muda wa kutishia, eti "leo tu".

Hati na malipo

Andikeni mkataba wa mauziano, hata kwa kitu kidogo kama karabai. Majina ya pande zote na namba za kitambulisho, maelezo ya mashine pamoja na namba ya kibao, vifaa vilivyomo, bei kwa tarakimu na maneno, tarehe, sahihi au dole gumba, mashahidi wawili kila upande, na muhuri wa mtendaji wa kijiji. Nakala mbili. Trekta lenye namba za usajili linakuja na kadi yake, na uhamisho wa umiliki unafanyika TRA. Kama kadi imepotea, shughulikieni hilo kabla ya fedha, si baada.

Lipa kwa simu au benki, mashahidi wakiona ujumbe umeingia. Ukilipa taslimu, hesabuni ndani ya ofisi ya kijiji. Lipa yote kabla mashine haijaondoka. Mtu asibaki na ahadi mahali palipokuwa na trekta lake.

Mwombe mtendaji pia barua ya kusafirisha, inayotaja kitu, kilikotoka na kinakokwenda. Kwenye barabara kuu gari lenye vyuma vya zamani husimamishwa, na barua hiyo ndiyo inayokutofautisha na mwizi wa miundombinu. Ukinunua mara kwa mara hadi ikawa biashara, ulizia leseni kwenye halmashauri na vibali vya vyuma chakavu kwa NEMC, baraza la taifa la mazingira.

Kuitoa

Hapa sina maneno mengi. Toa mafuta na betri kwanza. Tumia chenibloki na mbao za kutelezesha, usitegemee vijana kumi na kelele. Flaiwili isibebwe kwa kukumbatiwa. Funga kwa minyororo pande nne. Ukienda Dar es Salaam una mteremko wa Kitonga mbele yako, na mzigo uliofungwa kwa kamba ya katani haufiki chini salama. Wape kazi vijana wa pale kijijini na uwalipe vizuri. Ukivunja ua au kukanyaga mihogo, tengeneza kabla hujaondoka.

Akikataa

Wengi hukataa. Shukuru, usiulize sababu mara mbili, wala usimpitie mtoto wake kwa mlango wa nyuma. Mweleze namna ya kuitunza ilipo: aiinue juu ya mawe isikae kwenye udongo, aifunike kwa bati na kuacha hewa ipite, amimine oili kidogo kwenye silinda na kuizungusha kwa mkono kila baada ya miezi michache. Ukipita njia ile msalimie, bila kutaja mashine.

Yule mzee wa Ismani nilimrudia mwaka uliofuata nikamwomba radhi. Trekta hakuniuzia, na bado analo. Ila alinipeleka mwenyewe kwa shemeji yake, umbali wa saa nzima kwa miguu, akaniambia kuna plau ya Ransomes ghalani.

Baada ya kununua

Safisha picha mbili za mashine ikiwa bado uani, mwenyewe amesimama kando yake, uzipeleke. Weka namba yake ya simu karibu, kwa kuwa hakuna kitabu kitakachokusaidia kama yeye.

Ile Lister ya Rungwe ilinichukua miezi minne. Siku ilipowaka mara ya kwanza nilimpigia baba yule, nikaweka simu karibu na bomba la moshi. Iliwaka, ikakohoa, ikaruka mlio mmoja, ikawaka tena. Alinyamaza anasikiliza. Kisha akasema, "Magneto hiyo imeingia unyevu. Ifungue, ianike juani siku mbili, usiipashe kwa moto." Nikaifungua. Matone ya maji yalikuwa yameshikilia ndani ya kifuniko.